Sheria Mahali Pasipo na Njia

Watu wengi hudhani kwamba sheria huzaliwa na msongamano. Mahali penye watu wengi, wasema, hapana budi pawe na amri nyingi. Na mahali palipo patupu, mtu na afanye apendavyo. Fikira hii ina sehemu ya ukweli. Mtu akaaye peke yake kisiwani hana haja ya kuambiwa apite upande gani wa njia, kwa sababu hana mtu wa kukutana naye. Lakini watu wawili wajapo kutoka pande mbili katika njia moja nyembamba, lazima mmoja ampishe mwenzake, na lazima wote wawili wajue mapema nani atapisha na kwa upande gani. Hapo sheria huzaliwa, wala hapana mwenye akili awezaye kuikana.

Sheria za barabarani, basi, ni rahisi kuzieleza. Hapa Kenya gari hupita kushoto. Marekani hupita kulia. Hakuna wema wala ubaya katika kushoto au kulia, mradi wote wafuate upande mmoja. Swali gumu ni jingine. Mtu akiiacha barabara, akaingia nyikani na chombo chake, mahali pasipo na njia, pasipo na askari wala jirani, je, sheria ina haki ya kumfuata huko? Na kama inayo haki hiyo, je, yeye ana wajibu wa kuitii ilhali hapana amwonaye? Nataka tulitazame swali hili kwa mfano wa nchi za mbali, kwa sababu jambo la ugenini aghalabu huonyesha umbo lake waziwazi kuliko lile tulilolizoea kila siku.

Katika nchi za kaskazini, kama vile Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, theluji hufunika ardhi kwa miezi kadhaa ya mwaka. Sisi huiona kwa mbali tu, vileleni mwa Kirinyaga. Huko hushuka mpaka mlangoni mwa mtu, ikafuta barabara, nyua na mashamba, hata ugeni ukaingia katika mahali ambapo mtu amezaliwa. Maziwa nayo huganda, na juu yake kukawa na sakafu ya barafu iwezayo kubeba watu na mizigo yao. Gari la kawaida halifai katika theluji nene, kwa maana magurudumu yake huzama. Kwa hiyo watu wa huko hutumia chombo ambacho sisi twaweza kukiita pikipiki ya theluji. Mbele kina miguu miwili bapa inayoteleza na kuelekezwa kwa usukani. Nyuma kina ukanda mpana wa mpira, nao huzungushwa na injini na kukisukuma chombo mbele. Kadhalika wanazo pikipiki za magurudumu manne yenye matairi manene, zipitazo penye matope, mchanga na mawe. Vyombo hivi vyote vina sifa moja: vimeundwa makusudi ili viiache barabara.

Kisa cha pikipiki ya theluji ni kisa cha baba wawili. Joseph-Armand Bombardier alizaliwa mwaka 1907 katika mji mdogo wa Valcourt, jimbo la Quebec, nchini Kanada. Mwaka 1922, akiwa kijana wa miaka 15, alichukua injini ya gari kuukuu akaifunga juu ya chombo cha kutelezea thelujini, akatia nyuma yake rafadha, yaani panga la kuzunguka kama lile la ndege. Chombo kikaenda. Lakini panga lile lilizunguka wazi bila kinga, na mtu ambaye angelikaribia angeweza kukatwa. Baba yake alipokiona, alimwamuru akivunje. Hivyo twaweza kusema kwamba mojawapo ya sheria za kwanza za chombo hiki ilikuwa amri ya baba kwa mwanawe.

Kijana akakua, akawa fundi wa magari, akaoa na kupata watoto. Katika majira ya baridi ya mwaka 1934 mwanawe wa miaka miwili alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo. Hospitali ilikuwa mbali, katika mji wa Sherbrooke. Njia zote zilikuwa zimezibwa na theluji. Na chombo ambacho baba alikuwa akikijaribu kilikuwa bado hakijawa tayari. Mtoto akafa. Baba akarudi karakanani pamoja na huzuni yake, na mwaka 1937 alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa gari la theluji. Magari aliyoyaunda katika miaka iliyofuata yaliwachukua madaktari kwa wagonjwa, yakapeleka barua, yakawafikisha watoto shuleni. Mwaka 1959 kampuni yake ikaanza kuuza chombo kidogo, chepesi, cha mtu mmoja au wawili. Na kwa chombo hicho watu wakaanza kwenda thelujini hata pasipo haja, kwa furaha ya mwendo tu.

Yatafakari mambo hayo mawili pamoja, msomaji. Baba mmoja alikataza chombo kwa kuwa kingeweza kumwua mtoto wake. Baba wa pili alikitengeneza kwa kuwa ukosefu wake ulikuwa umemwua mtoto wake. Wote wawili walikuwa na haki, na wote wawili walisukumwa na upendo ule ule. Moto hupika na moto huunguza. Panga hulima na panga hukata. Hapana chombo chenye nguvu ya kuokoa ambacho hakina nguvu ya kuangamiza. Katikati ya nguvu hizo mbili ndipo sheria isimamapo. Kazi yake si kukiua chombo, bali ni kukiweka upande wa uhai.

Sasa na tuzitazame sheria zenyewe. Katika jimbo la Minnesota, nchini Marekani, mtu aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1976 hana ruhusa ya kuendesha pikipiki ya theluji katika ardhi ya umma mpaka awe amefunzwa na kupewa cheti cha usalama. Jimbo jirani la Wisconsin lina sheria kama hiyo kwa wale waliozaliwa tangu tarehe 1 Januari 1985, ambao wamefikia umri wa miaka 12. Katika ardhi na maji ya umma ya Minnesota mwendo usizidi maili 50 kwa saa, yaani kama kilomita 80. Katika jimbo la Ontario, nchini Kanada, mwendo katika njia zilizotengwa kwa vyombo hivyo ni kilomita 50 kwa saa, na mwendeshaji lazima avae kofia ngumu. Mlevi akiendesha chombo hiki huhukumiwa kama mlevi aliyeendesha motokaa. Usiku lazima taa ziwake. Shamba la mtu lisiingiwe bila idhini yake, hata kama theluji imeufunika ua wake usionekane.

Mtu asiyejua sababu za amri hizo huziona kama uzio uliowekwa na wazee wasiopenda furaha. Ajuaye sababu zake huona jambo jingine. Chukua amri ya mwendo. Anayekwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Tuseme ni usiku, na taa yake humulika mita 60 mbele. Basi kila kitu kitakachotokea katika mwanga wake, kiwe mti ulioanguka, waya wa ua, au mtu atembeaye kwa miguu, yeye atakifikia kabla sekunde tatu hazijatimia. Katika muda huo inampasa aone, atambue, aamue, ashike breki, na chombo kisimame juu ya theluji inayoteleza. Tena mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu ya mgongano huongezeka mara nne. Mambo haya hayakutungwa na bunge lolote. Ni sheria za maumbile, nazo hazina mahakama ya rufani. Sheria ya watu huja mbele yao kama mpiga mbiu, ikituambia kwa maneno yale ambayo maumbile yangetuambia kwa pigo.

Hata hivyo wako wanaopinga, na si haki kuwapita bila kuwasikiliza. Hoja yao ya kwanza ni hii: “Chombo ni changu, na shingo ni yangu. Nikivunjika nitavunjika mimi. Sheria ina nini nami?” Hoja hii haifai kudharauliwa. John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika kitabu juu ya uhuru mwaka 1859, akatetea humo kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima kwa ajili ya faida yake mwenyewe. Haki iliyo nayo ni ya kumzuia asiwadhuru wengine. Neno hili ni ngao ya thamani, kwa maana watawala wengi wa ulimwengu wamewaonea watu huku wakidai kuwatakia mema.

Lakini Mill huyo huyo aliweka mambo mawili kando. La kwanza, alisema kwamba kanuni yake ni ya watu wazima, wala haiwahusu watoto. La pili, alitoa mfano wa mtu anayetaka kuvuka daraja bovu asilojua ubovu wake. Kama hapana wakati wa kumwonya, alisema, ni halali kumshika na kumrudisha, na uhuru wake haukuvunjwa, kwa sababu yeye alitaka kuvuka. Hakutaka kuanguka mtoni.

Mfano wa daraja wafanana sana na barafu ya ziwa. Barafu nyeupe ya huku na barafu nyeupe ya kule huonekana sawa machoni, ilhali moja ina unene wa inchi kumi na nyingine ina unene wa inchi mbili. Idara ya maliasili ya Minnesota hushauri kwamba pikipiki ya theluji isipite juu ya barafu mpya iliyo chini ya inchi 5 mpaka 7, na huongeza kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Penye mkondo wa maji barafu huwa nyembamba, ijapokuwa baridi ni ile ile. Tarehe 21 Januari 2020 watalii wanane kutoka Ufaransa walikuwa wakisafiri jioni kwa pikipiki za theluji pamoja na kiongozi wao, katika ziwa Saint-Jean, jimbo la Quebec. Walipita nje ya njia iliyowekewa alama, karibu na mahali ambapo maji ya ziwa hutoka kwa mkondo wa nguvu. Barafu ikavunjika. Watalii watatu waliokoka. Wengine watano pamoja na kiongozi wao wakafa. Kwa siku nyingi baada ya hapo wazamiaji waliingia katika maji yale yale ya baridi kuwatafuta.

Sisi ambao hatukuwapo hatuna haki ya kuwahukumu wafu. Lakini twaweza kujifunza kwao mambo mawili. Jambo la kwanza ni kwamba hapana mtu avunjikaye peke yake. Shingo ni yako, kweli. Lakini mamako ndiye atakayeililia, na mtu usiyemjua ndiye atakayeingia majini kuutafuta mwili wako, akiitia hatarini roho yake ambayo hukuomba ruhusa ya kuitumia. Jambo la pili ni kubwa zaidi. Alama za njia ya barafuni huwekwa na watu waijuao barafu ile. Usiku wa safari watu hao wamo majumbani mwao wamelala, lakini ujuzi wao umesimama nje kwenye baridi, juu ya kijiti chenye kibao, ukimwambia mpita njia: pita hapa. Sheria nyingi zi katika hali hiyo. Ni sauti ya watu wasiokuwapo. Wengine hawapo kwa sababu wako mbali. Wengine hawapo kwa sababu walikufa, na kufa kwao ndiko kulikoifundisha jamii kuandika amri.

Hoja ya pili ni ya vijana, na kwa kuwa wasomaji wa kitabu hiki ni vijana, yafaa niijibu bila kuzungukazunguka. Kijana husema: “Mimi nina miaka kumi na mitatu, lakini naendesha vizuri kuliko mjomba wangu mwenye miaka arobaini. Kwa nini yeye aruhusiwe nami nizuiwe?” Inawezekana kabisa kwamba asema kweli. Umri ni kipimo kibovu cha akili. Wako wazee wajinga na watoto wenye busara. Lakini sheria haiwezi kuingia katika moyo wa kila mtoto ikapima busara yake. Hupima kile kiwezacho kupimika, nayo hukubali kumkosea mtoto mmoja mwenye busara kwa kumchelewesha, ili isiwakosee kumi wasio na busara kwa kuwazika. Zaidi ya hayo, ustadi wa mkono na uzito wa mwili ni vitu viwili. Pikipiki ya magurudumu manne ya mtu mzima huwa na uzito wa kilo mia mbili au zaidi. Ikipinduka, haimwulizi aliye chini yake kama alikuwa hodari.

Katika jimbo la Massachusetts, nchini Marekani, mtoto wa miaka 8 alikufa mwaka 2006 baada ya kupindukiwa na chombo cha namna hii. Wazazi wake wangeweza kuificha huzuni yao nyumbani. Badala yake waliitoa hadharani, na mwaka 2010 jimbo likapitisha sheria inayowazuia watoto walio chini ya miaka 14 kuendesha vyombo hivi, isipokuwa katika mashindano yaliyoruhusiwa na yanayosimamiwa na watu wazima. Wahenga walisema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Wazazi wale walikuwa wamekwisha kulia. Walitaka wengine wasilie.

Tena kijana asidhani kwamba sheria humfunga yeye tu na kuwaacha wakubwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 viwanda viliuza sana pikipiki za magurudumu matatu za kupita nyikani. Zilikuwa nyepesi na za kupendeza, lakini zilipinduka kwa urahisi, na wengi walioumia walikuwa watoto. Haikutosha kuwaambia waendeshaji wawe waangalifu, maana chombo chenyewe kilikuwa na kasoro. Mwaka 1988, kwa mapatano yaliyothibitishwa na mahakama, watengenezaji wakaacha kuuza vyombo hivyo vya magurudumu matatu nchini Marekani, wakakubali pia kuwaonya wanunuzi kwamba vyombo vya ukubwa wa watu wazima visiendeshwe na aliye chini ya miaka 16. Sheria ya mwaka 2008 ikakataza kabisa kuuza vipya vya namna hiyo. Sheria iliyo njema humshika mkono mwendeshaji, na humshika mkono vile vile aliyemwuzia.

Hoja ya tatu husema hivi: “Nyika ni tupu. Nikipita hapo namdhuru nani?” Lakini nyika tupu ni jambo gumu kulipata. Katika jangwa la Mojave, California, majeshi ya Marekani yalifanya mazoezi ya vifaru toka mwaka 1942 hadi 1944. Vita vikaisha, askari wakarudi makwao, na wengi wao sasa wamekwisha kufa kwa uzee. Lakini alama za minyororo ya vifaru vyao bado zaonekana mchangani. Ardhi nyingine hukumbuka kuliko binadamu. Ndiyo sababu Rais Richard Nixon alitoa amri mwaka 1972 kwamba idara zisimamiazo ardhi ya taifa zitenge mahali ambapo vyombo vya nje ya barabara vyaweza kupita na mahali ambapo visipite.

Wala hatuna haja ya kwenda ng'ambo kuliona jambo hili, kwa kuwa magari ya kupita nyikani tunayo hapa kwetu, katika mbuga za wanyama. Kanuni za mbuga zetu humtaka dereva abaki katika njia zilizowekwa, asiikanyage nyasi kumfuata mnyama. Dereva mmoja akitoka njiani mita hamsini ili wageni wake wampige picha duma, aona kwamba hakudhuru kitu. Nyasi zilizolala zitainuka kesho. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Wa pili hufuata alama za wa kwanza, wa kumi hufuata za wa tisa, na mwisho wa mwaka pamekuwa na barabara ambayo hakuna aliyeiamua. Uchunguzi juu ya duma wa Maasai Mara, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba mahali penye magari mengi ya watalii duma jike alifanikiwa kulea kwa wastani chini ya mtoto mmoja katika kila uzao, hali mahali penye magari machache alilea zaidi ya wawili. Tazama basi: hapana dereva hata mmoja aliyemgonga mtoto wa duma. Hapana hata mmoja ambaye angeweza kushtakiwa kwa kuua. Hata hivyo watoto wa duma hawapo. Madhara ya namna hii hayana mkosaji mmoja, na kwa sababu hiyo dhamiri ya mtu mmoja haiyasikii. Sheria huyasikia, kwa kuwa yenyewe hujumlisha matendo ya wote, nayo huwasemea pia wale wasioweza kuja barazani kusema.

Je, nasema basi kwamba kila sheria ni njema? Hasha. Sheria hutungwa na watu, na watu hukosea. Tumekwisha kuona kwamba jimbo moja humruhusu mtoto wa miaka 12 mwenye cheti, na jingine humzuia mpaka miaka 14. Haiwezekani kwamba yote mawili yamepata kipimo kamili. Katika mbuga ya Yellowstone, nchini Marekani, pikipiki za theluji zilianza kuingia mwaka 1963. Zilipokuwa nyingi, moshi na kelele zikawasumbua wanyama na hata walinzi wa malangoni. Wengine wakataka zipigwe marufuku kabisa; wengine, ambao walipata riziki yao kwa watalii wa majira ya baridi, wakataka ziachwe. Shauri likaenda mahakamani, likarudi, likaenda tena, kwa miaka mingi, mpaka kanuni ya mwaka 2013 ikaweka njia ya katikati: ziingie chache, ziwe zenye moshi na kelele kidogo, na ziende kwa makundi yenye kiongozi. Mabishano yale marefu si aibu ya sheria. Ndiyo namna ambavyo watu huru huirekebisha sheria yao. Anayeiona sheria kuwa mbaya ana mlango wa kuipinga: aseme, aandike, apige kura, aende mahakamani. Lakini aliyeivunja gizani na kunyamaza hakuirekebisha. Amejitoa mwenyewe tu, akawaachia wengine mzigo.

Sasa twafika katika kiini cha swali letu. Hata kama tumekubali kwamba sheria ina haki ya kumfuata mtu nyikani, twajua kwamba haina miguu ya kumfuatia. Jimbo la Minnesota lina maelfu ya maziwa na maelfu ya maili za njia za theluji. Hapana serikali iwezayo kuweka askari katika kila moja. Mjini, mtu aweza kutii kwa sababu ya askari aliye njia panda, au kwa sababu ya macho ya majirani, na hatujui kama moyo wake ni mwema au mwoga tu. Nyikani pazia huondolewa. Huko kila amri anayoitii huwa ameitii mwenyewe, na kila amri anayoivunja huwa ameivunja mwenyewe. Mahali pasipo na njia ndipo mahali pa pekee ambapo mtu aweza kujijua kama ana sheria moyoni au ana hofu tu.

Na hapa ndipo uhuru na sheria, ambao watu huwadhania kuwa maadui, hukutana na kupeana mikono. Mtumwa hutii anapoonwa. Mtu huru hutii alilolielewa, aonwe asionwe. Ameisikia sauti ya wasiokuwapo: fundi aliyempoteza mwanawe, mwenye kujua barafu aliyeweka alama, wazazi wa Massachusetts, mzamiaji ambaye usiku huu hatalazimika kutoka kitandani. Amewasikia wote, akakata shauri. Tangu hapo amri imekoma kuwa ya serikali tu, imekuwa yake. Hachungwi tena, kwa maana amekuwa mchungaji wa nafsi yake.

Wako watakaosema kwamba ajali haina kinga. Neno hilo ni la kuwafariji waliokwisha kupatwa, na kwa kazi hiyo ni jema. Asilitumie mtu kabla ya safari, kwa maana wahenga wale wale walituachia jingine la kutumia wakati huo: tahadhari kabla ya hatari.

Yamkini wengi wenu, wanafunzi, hamtapanda pikipiki ya theluji maisha yenu yote. Lakini mtapanda pikipiki nyingine, katika barabara ya vumbi, saa tatu ya usiku, baada ya harusi au matanga, na pasiwe na askari kwa maili ishirini. Sheria ya Kenya humtaka mwendeshaji na abiria wake wavae kofia ngumu na koti ling'aalo, na abiria awe mmoja tu. Kofia itakuwa imetundikwa kwenye usukani. Atakuwapo rafiki wa pili anayetaka kubebwa, na atacheka ukikataa. Wakati huo hapana kitabu kitakachofunguliwa wala mwalimu atakayesimama mbele yenu. Patakuwa na giza, na njia, na ninyi wenyewe. Na sheria itakuwapo pale kwa kadiri mtakavyokuwa mmekwenda nayo.